Sarafu Nilizozing'arisha

Kwanza nijitetee kidogo, maana nikishamaliza kusimulia hakuna atakayenitetea. Mimi ni mtu wa usafi. Hapa Usevya, ukipita nyuma ya nyumba yetu asubuhi utaona sufuria zangu zimepangwa juu ya kichanja, zimeangalia jua, na kama umetoka nyumbani hujachana nywele simama hapo hapo uchane, kioo cha nini. Mama yangu alinifundisha kwamba mgeni humjua mwanamke kwa matako ya sufuria, pale panapokaa motoni. Nimesugua tangu nina miaka sita. Nasugua kwa majivu, nasugua kwa mchanga laini wa mtoni, na doa likikaidi naliwekea limau. Doa la kunishinda bado sijaliona.

Lakini ninayetaka kumsimulia si mimi. Ni baba mkwe wangu, Mzee Ponsian. Nimeanza na sufuria kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Mzee Ponsian ni Mpimbwe wa hapa hapa, mtoto wa mkulima wa mpunga. Akiwa kijana alipata kazi ya upishi misheni, kwa padre mmoja Mwitalia ambaye watu walimwita Padre Baiskeli, maana gari la misheni lilipokufa hakulilia hata siku moja, alichukua baiskeli akaendelea kuzunguka vigango vyake. Huyo padre alikuwa mtoto wa mkulima pia. Huko kwao, baba yake alipokuwa akilima, jembe lilikuwa linaibua sarafu za dola ya Roma ya kale, zile za miaka elfu moja na mia saba, elfu moja na mia tisa iliyopita. Alipotumwa Afrika alizichota kiasi akazitia kwenye kopo la biskuti akaja nazo, kama mwingine anavyosafiri na picha ya mama yake.

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali la kumzuia mtu kwenda popote, padre alizimwaga mezani na kuanza kuzitazama moja moja. Ponsian alikuwa akiondoa vyombo. Siku moja akashindwa kujizuia.

"Padre, hizi hela za wapi? Mbona hazina sura?"

"Sura zipo," padre akamjibu. "Wewe ndiye hujaziangalia. Kaa."

Akakaa, na vyombo vikakaa. Hilo la vyombo kukaa na ukoko hadi jioni mimi siliwezi kabisa, lakini hayo yalikuwa ya kabla yangu.

Padre alimfundisha kwamba sarafu ikilika, maandishi ndiyo hufa kwanza, kwa hiyo anayetafuta herufi atapoteza muda wake. Tafuta kichwa. Je, kimevaa taji la majani, lenye utepe unaoning'inia kisogoni? Au taji la miale, yenye ncha kama za mwiba? Au kitambaa chenye shanga? Ana ndevu au amenyoa? Shingo je, nene ya mtu wa kula vizuri au nyembamba ya askari? Halafu geuza. Nyuma kuna askari wawili na bendera katikati yao? Kuna mbwa mwitu ananyonyesha watoto wawili? Kuna lango lenye minara? Unaunganisha kidogo ulichokiona mbele na kidogo ulichokiona nyuma, unapima na unene na ukubwa, na pole pole jina la mtu linajitokeza. Padre alikuwa na kitabu chenye michoro. Alikuwa akiilaza sarafu kwenye mwanga wa dirishani, anailamba kidogo kwa ncha ya ulimi, anaitazama kwa ubavu. Miaka ikaenda, Ponsian akawa hahitaji kitabu. Mtu ambaye mwisho wa safari zake ni Mpanda mjini alikuwa anawajua watawala wa Roma kwa shingo zao.

Padre Baiskeli alipozeeka akarudishwa kwao, na huko akafa. Kopo alimwachia mpishi wake, pamoja na barua yenye mhuri wa misheni, ili pasiwe na mtu wa kusema Ponsian ameiba. Hakuna aliyesema. Nani ataiba vyuma visivyonunua hata kibiriti?

Mimi niliolewa na Gideon, mwanawe, ambaye ni fundi pikipiki Mpanda na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yameanza kuondoka. Ni presha ya macho, ile isiyorudi nyuma. Nilipomzaa Agatha, mzee alimshika mjukuu wake bila kumwona. Nilidhani kopo la sarafu ndiyo basi tena. Kumbe wapi. Baada ya chakula alikaa barazani, kopo katikati ya mapaja, akatoa moja na kuizungusha ukingoni kwanza, kisha kidole gumba kikapanda taratibu juu ya uso wa sarafu. Kikisimama, kinarudi, kinapanda tena. Halafu uso wa mzee unafunguka.

"Habari za leo, Trajano," anasema. "Bado una ile shingo yako."

Anawasalimia wote hivyo, kama watu wa kigango kimoja. Mmoja akimchelewesha anamkemea: "We, sema jina lako, usinipotezee siku."

Watu walikuja kumcheka wakaishia kumheshimu. Malale, Msukuma mfugaji anayekaa ng'ambo ya majaruba ya mpunga, alifika siku moja na rupia ya Mjerumani aliyoletewa na vijana wa mjini. Walimwambia rupia hiyo ukiiweka karibu na mchele, punje zinakimbia zenyewe, na kwamba Waarabu wanaitafuta kwa mamilioni. Alikuwa tayari kuwapa mafahali wawili. Mzee akaipokea, akapitisha kidole ukingoni mara moja tu.

"Malale, hii imemiminwa kwenye kalibu. Huu hapa mshono wake, weka kucha usikie. Hela ya kweli hugongwa, haimiminwi. Rudi na ng'ombe wako nyumbani."

Tangu siku hiyo kila Jumapili tunaletewa kibuyu cha maziwa mgando.

Mimi ndiye niliyekuwa macho yake kwa mengine yote, na hili mlishike. Nikisema mchuzi umepoa, anakunywa. Nikisema shati ni jeupe, anakwenda nalo misa. Nikimwambia mvua imekatika, anatoka bila kofia, hasubiri neno la pili. Aliniita mwanangu. Nilikuwa na baba yangu mzazi kule kijijini Magamba, lakini kwa mzee huyu ndiko nilikojifunza kuaminiwa kukoje, na nilijivuna sana.

Mwaka jana mwezi wa saba barua ikafika parokiani. Mpwa wa Padre Baiskeli anakuja na mkewe kuona mahali mjomba wake alipoishi, na zaidi ya yote anataka kukutana na yule mpishi anayesoma sarafu kwa kidole. Mjomba alikuwa amemsimulia. Paroko wetu, Padre Arcade, alipotusomea barua hiyo mzee aliomba anyolewe nywele, ingawa wageni walikuwa bado mwezi mzima.

Nami nikaanza kazi yangu. Nilipaka kuta chokaa. Nilifua mapazia ambayo hata hayakuwa machafu. Na siku moja kabla ya wageni kufika, mzee akiwa ameshikwa mkono kwenda misheni kuungama, nilifikiri nilifungue kopo nione wageni wataonyeshwa nini.

Nilizimwaga kwenye sinia. Jamani. Nyingine zina kutu ya kijani, nyingine nyeusi tii, nyingine zina ukoko wa kahawia kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa. Niliona aibu kwa ajili ya ukoo mzima. Nikajisemea, bila shaka ni kwa sababu padre hakuwa na mke, na mzee haoni, ndiyo maana tangu zichimbuliwe hakuna aliyewahi kuziosha. Wazungu wanatoka kwao mpaka hapa, tuwape uchafu washike?

Nilikamua malimau kumi na mawili kwenye beseni nikaziloweka. Maji yakageuka kijani na mimi nikafurahi, maana uchafu ukitoka moyo wangu hutulia. Kisha nikakaa kwenye kigoda karibu na kichanja, nikazisugua moja moja. Majivu, mchanga, na mwisho dodoki la chuma. Zikatoka za njano, zikatoka nyekundu, zinawaka. Kama zilikuwa na sura sikuziona zikiondoka, kwa sababu sikuwahi hata mara moja kukaa nijifunze kuziona. Miaka kumi na mbili mzee anaongea na watu hao barazani kwangu, na mimi napita na ufagio.

Maji machafu nikayamwaga kwenye shina la mpapai. Nilizipanga koponi, nikaweka na kitambaa cheupe juu. Sikumwambia mzee. Nilitaka asifiwe na wageni kwanza, halafu aniulize, halafu mimi ndio niseme.

Wageni walifika saa nne asubuhi na Padre Arcade akiwa mkalimani. Mpwa wa padre alikuwa mtu mnene wa makamo, mpole, na aliposhikana mikono na mzee alilia kidogo. Tukawaweka barazani. Mzee alikuwa amevaa koti aliloachiwa na Padre Baiskeli. Nilisimama mlangoni na sinia la soda, nikisubiri sifa zangu.

Mzee akafungua kopo, akatoa ya kwanza. Akaizungusha ukingoni. Kidole kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Akaigeuza. Akaiweka gotini akatoa nyingine. Niliona jasho linatoka juu ya mdomo wake na bado sikuelewa, nakwambieni ukweli, nilidhani ni koti.

"Mzee, anza na ile unayoipenda," Padre Arcade akamwambia kwa sauti ya chini.

Akapapasa koponi mpaka akaipata ile kubwa kuliko zote, ambayo hata mimi nilijua ni ya Trajano. Akaishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni Trajano," akasema. Kidole kikatafuta, kikatafuta. "Anatakiwa awe Trajano. Lakini hayupo."

Mzee akairudisha sarafu koponi, akafunika, akakunja mikono yake juu ya kifuniko.

"Waambie wanisamehe, padre. Macho yalitangulia, sasa na vidole vimekufa."

Mpwa wa padre alinyoosha mkono, akaomba kopo. Akachukua sarafu moja akaileta karibu na jicho, akailaza kwenye mwanga. Akachukua nyingine. Kisha akainua uso akaniangalia mimi. Hakuangalia soda. Aliangalia vidole vyangu vilivyoshika sinia, kwenye kucha, ambako ukijani wa jana ulikuwa bado haujatoka. Nikajua kwamba amejua, na kwa kuona uso wake nikajua nilichofanya.

Akasema maneno machache kwa lugha yake. Padre Arcade akatafsiri: "Anasema hakuna neno, mzee. Anasema amekuja kukuona wewe."

Alinihurumia. Mpaka leo namlaumu kwa huruma ile. Angenisema pale pale ningepiga magoti, ningelia, na mambo yangeishia hapo. Maneno yalikuwa mawili tu: baba, nimezisugua. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikafikiri, si mbele ya wageni. Wageni wakaondoka. Nikafikiri, ale kwanza. Hakula. Nikafikiri, kesho.

Kesho yake mzee aliniambia jambo lililonifunga mdomo zaidi. Alisema baba yake mzazi alikufa hivyo hivyo: mikono ilianza kupoteza hisia, na mwaka haukuisha. "Kwetu kifo huingilia mikononi, mwanangu," akasema, bila uchungu, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. "Sasa nimekijua kilipo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Maana kosa la kusugua ni la mjinga. Lakini nimemwacha mtu alale usiku mzima akijua anakufa, hilo nalo niliite jina gani?

Nikanyamaza, na mzee akaanza kuacha mambo. Zamani alikuwa akinichambulia mchele kwenye ungo, na hakuna jiwe lililowahi kumpita. Sasa alisema nisimpe tena, asije akamvunja mtu jino. Aliacha kujinyoa. Aliacha kula kwa mkono, akaomba kijiko, yeye aliyekuwa akisema kijiko ni cha wagonjwa. Rozari akawa anaishika tu bila kusogeza punje, akisali kwa kukisia, na akimaliza ananiuliza, "Nimefika kumi?" Nami namjibu, "Umefika, baba," na ananiamini.

Gideon alipokuja nyumbani nilimwambia baba yake anaumwa vidole. Sikumwambia zaidi. Tukampeleka hospitali Mpanda. Daktari akamchoma ncha ya sindano kwenye kila kidole, na kila mara mzee akaruka.

"Vidole vyako vizima kabisa, mzee," daktari akasema.

"Sindano hata maiti atasikia," mzee akamjibu. "Wewe huwajui watu niliokuwa nawasikia mimi."

Gideon akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pembeni, naangalia sakafu, ambayo ilikuwa safi. Njia nzima ya kurudi mzee alilala begani kwangu.

Mvua zikaja, tukapanda. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba, na jembe likagonga kitu kwenye shina la mpapai. Niliinama nikatoa donge la udongo, na ndani ya donge kulikuwa na sarafu. Ndogo, nyembamba, nyeusi yenye ukijani. Bila shaka iliponyoka nilipokuwa nabadilisha maji, ikaenda na uchafu kabla dodoki halijaifikia. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pindo la khanga kuifuta. Nikauzuia mkono huo kwa mkono wa pili, kweli kabisa, kama unavyomshika mtoto anayekwenda motoni.

Nikakaa chini palepale kwenye tope. Kwa mara ya kwanza nikafumba macho nikaweka kidole gumba juu ya sarafu. Nilisikia vinundu tu, sikujua ni nani. Lakini kulikuwa na mtu.

Sasa mtasema nilikimbia barazani. Sikukimbia. Nilielewa upesi sana kwamba sarafu ile ni dawa ya mzee, na kwamba dawa hiyo haiwezi kumfikia bila kunitaja. Akiisikia hii, atajua vidole ni vizima. Akijua vidole ni vizima, atauliza zile nyingine zimepatwa na nini. Nikaifunga kwenye pindo la khanga. Ikakaa humo Krismasi, ikakaa humo mwaka mpya. Nilimpakulia chakula nayo ikiwa imefungwa kiunoni kwangu. Nikajiambia mzee anazoea. Nikajiambia mzee mwenyewe ana miaka themanini. Mwezi wa pili akamwomba Padre Arcade ampe mpako wa wagonjwa, na mimi ndiye niliyetandika kitambaa cheupe na kuwasha mshumaa. Kitambaa ni kile kile nilichofunikia sarafu.

Akaniagiza pia mahali pa kumzika, na kwamba kopo liwekwe miguuni. "Wale watu nimekaa nao sana," alisema. "Hata kama hatusikilizani tena."

Kwaresima nilikwenda kuungama. Nilieleza yote, na nilieleza vizuri, nikianzia na chokaa na mapazia. Padre Arcade alinisikiliza mpaka mwisho.

"Malipizi yako yapo kwenye khanga yako," akasema. "Mimi sina mengine ya kukupa. Nenda."

Nilikasirika. Nilitaka anipe rozari hamsini, nitambae kwa magoti kuzunguka kanisa, kitu cha kuchosha mwili. Nilirudi nyumbani nikimsema padre njia nzima, na nilipofika sikuingia hata jikoni. Mzee alikuwa barazani na ndevu zake za miezi. Nilifungua pindo la khanga nikaweka sarafu katika kiganja chake, nikakifunga.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Shika tu, baba."

Alitaka kuirudisha. Kisha vidole vyenyewe, bila yeye, vikaanza kuizungusha ukingoni kama vilivyozoea miaka yote. Kidole gumba kikapanda. Kikasimama. Niliona shingo yake inanyooka.

"Taji la miale," akasema polepole. "Ndevu... ndevu fupi. Shingo nyembamba, ya askari." Akaigeuza. "Mwanamke amesimama. Kashika pembe ya matunda." Akairudisha upande wa uso, na sauti ikapanda ghafla kama ya kijana. "Klaudio! Si yule wa kwanza, huyu ni wa pili, aliyepigana na Wagoti! Habari za siku nyingi, Klaudio! Mwanangu, nimemsikia! Vidole vizima!"

Alicheka, alilia, akaibusu sarafu. Akatikisa vidole vyake kumi hewani mbele ya uso wake kana kwamba anaviona. Nami nililia kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli, nayo ilidumu muda wa kumenya ndizi.

Kwa sababu kidole chake kilikuwa bado kinatembea. Kilifika kwenye udongo uliokuwa umebaki kati ya taji na sikio, kikaukwangua kwa ukucha, kikasimama.

"Hii ina uchafu wake," akasema.

Nikalifunga upya pindo la khanga, tupu.

"Lete kopo."

Nikaleta. Akatoa moja, akapitisha kidole. Akatoa nyingine. Akatoa ile kubwa ya Trajano, akaishika muda mrefu kuliko zote, kisha akainusa.

"Limau?" akauliza.

"Limau, baba. Na majivu. Na mchanga."

"Na chuma."

"Na chuma."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya wageni."

Akatikisa kichwa. Nilisubiri matusi, na ningeyapokea kama mvua. Lakini alikuwa bado anahesabu kitu kingine.

"Siku ile niliposema vidole vimekufa, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni, baba. Na soda."

"Ukasikia."

"Nilisikia."

"Na kwenye mpako. Mshumaa uliwasha wewe."

"Ndiyo, baba. Mimi."

Akafunika kopo. "Kusugua nakuelewa," akasema. "Wewe na uchafu hamjawahi kupatana, ningekuwa na macho ningekuzuia. Lakini miezi saba, mama Agatha. Miezi saba nimekaa hapa nasubiri kufa, na wewe unapita na ufagio."

Hakuniita mwanangu. Aliniita kwa jina la mtoto, kama anavyoniita jirani yeyote, na ndivyo anavyoniita mpaka leo.

Msidhani alininunia. Jioni ile ile aliomba nyama, akala kwa mkono, akalamba vidole kimoja kimoja. Kesho yake alijinyoa. Gideon alipokuja alimwambia yeye mwenyewe, kwa ufupi, akamkataza kunigombeza. Mchele anachambua, rozari anasogeza punje kwa punje na haniulizi tena kama amefika kumi. Malale akileta maziwa wanacheka pamoja hadi nawasikia jikoni. Ameshasahau mahali pa kuzikwa. Kila mchana anatoa ile moja iliyobaki, anasalimiana na Klaudio wake, na zile nyingine hazigusi, lakini hataki zitupwe.

Ni mzima, nashukuru Mungu. Isipokuwa mchuzi nikimwambia umepoa, anatia kwanza ncha ya kidole. Shati nikimwambia limekauka, analipapasa kwapani kabla ya kulivaa. Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ilipokwisha nilimwambia kutoka jikoni, "Baba, imekatika, unaweza kwenda." Alisimama, akachukua fimbo, akafika mlangoni. Hapo akasimama tena, akanyoosha mkono nje, kiganja juu, akasubiri.

Hakukuwa na tone hata moja. Akausubiri mkono wake umwambie, ndipo akatoka.